Sentimita Nane za Ukuta

Jumatatu, 9 Juni

Mita kumi na saba za chaki leo. Kamba, tepu, penseli sikioni. Kioko anashika mwisho mmoja, mimi mwingine. Baridi ya Juni imetuuma vidole. Nimemkemea mara mbili kwa kulegeza kamba, wala hakununa. Huyu fundi ana subira kunishinda.

Niandike kipimo hapa, nisije nikashawishika baadaye. Ukuta wa shule hii ya Ruiru, tunaouchora historia ya dunia, una mita hamsini na robo. Mwanzo uko langoni: miaka elfu tatu kabla ya Kristo. Mwisho uko kwenye kona ya jikoni: mwaka huu. Mita moja ni miaka mia. Sentimita moja ni mwaka mmoja. Hakuna dola itakayoongezewa, hakuna itakayopunguziwa. Roma itapata sentimita zake na Mali itapata zake.

Kioko aliandika kwa brashi nusu ya maduka ya mji huu kabla mashine za kuchapa mabango hazijamnyang'anya kazi. Herufi zake zimenyooka kuliko za kitabu. Anataka kujua kila anachochora kilikuwa nani. Nampenda kwa hilo. Lakini anauliza nikiwa juu ya ngazi.

Jumatano, 11 Juni

Sumeri imekauka. Vibao vya udongo, gunia la shayiri, karani mwenye kichwa kipara. Watoto wa darasa la tatu wamempa karani jina la mlinzi wa lango. Sijakasirika. Kweli wanafanana.

Bwana Gitau amekuja. Ni mwenyekiti wa wazazi na kazi yake ni kuuza ploti. Alitembea kando ya ukuta mikono nyuma, vile watu wa huku hutembea wakionyeshwa shamba. Alipofika kwenye kona ya jikoni akasimama.

"Madam, si mmeweka Kenya kwa kona kama septiki! Hawa Wamisri ndio wamepewa ploti ya kando ya lami?"

Anataka Kenya ipewe mita kumi. Nikamweleza kipimo. Tangu mkoloni atie bendera hapa hadi leo ni mita moja na sentimita thelathini. Akasema hiyo ni dharau kwa mashujaa. Nikasema dharau ni kudanganya watoto kuhusu urefu wa wakati. Akasema atapeleka jambo hili kwa kamati. Apeleke.

Mwalimu mkuu hakuegemea upande wowote. Alisema tu kwamba ukuta uwe tayari siku ya wazazi, Ijumaa tarehe nne Julai.

Jumamosi, 14 Juni

Nyumbani Ngoingwa. Nguo, mahindi ya kuku, goti linauma.

Nimefundisha historia miaka thelathini na minne na nimestaafu miaka minne. Sikuwahi kufurahia kazi kama ninavyofurahia ukuta huu. Ukweli ni kwamba nilifundisha mtihani. Tarehe, sababu tano, matokeo sita. Wengi waliifuta historia kichwani siku waliyotoka chumba cha mtihani, na sikuwalaumu. Ukutani hakuna mtihani. Mtoto anakwenda msalani na kupita karne tatu.

Jumanne, 17 Juni

Chaki imefika mita ya thelathini na nane. Rangi iko nyuma, mita ya kumi na sita. Manyunyu asubuhi yote. Rangi haikauki.

Bomba la maji la shule limeangukia mita ya thelathini na nane. Pale ni Baghdad, zama za wanajimu na wafasiri. Kioko aliuliza kama tuliruke. Nikasema hapana, achore mafundi wa Baghdad wakichota maji hapo hapo bombani. Amecheka mpaka akashuka ngazi. Hata mimi nimecheka. Sikumbuki mara ya mwisho kucheka hivyo kazini.

Ijumaa, 20 Juni

Chaki imefika mwisho. Mita ya mwisho ni fujo. Vita viwili vya dunia, uhuru wa Afrika, mtu mwezini, simu. Kila mmoja anamsukuma mwenzake. Hapo nyuma, Misri ililala mita nzima bila kubadilika.

Kioko amekwama penye Hali ya Hatari, ile iliyotangazwa na mkoloni. Elfu moja mia tisa hamsini na mbili hadi sitini. Miaka minane, sentimita nane. Aliweka mkono wake juu ya alama za chaki, vidole pamoja. Ulizidi kidogo.

"Madam, hapa hata maneno hayaingii. Unipe kitu kimoja tu nichore. Kimoja."

Sikuwa na kimoja. Nilikuwa na aya tatu za kitabu: msitu, majenerali, kambi. Zote nazijua kwa moyo na hakuna hata moja niliyoiona. Nikamwambia nitamwuliza mama yangu. Yeye alikuwepo.

Nilishtuka kujisikia nikisema hivyo. Sijawahi kumwuliza.

Jumapili, 22 Juni

Theta, kwa Mama, baada ya ibada. Mama, Maitu tunavyomwita, ana miaka tisini na bado anagombana na mbuzi wake. Anaishi na ndugu yetu mdogo, Kamau, na mkewe. Nilimkuta uani akichambua maharagwe, shuka mabegani. Anakohoa. Dawa ameificha chini ya mto, eti ni chungu.

Nikamwuliza kuhusu kijiji. Wazee wetu hukiita gichagi. Ni vile vijiji ambavyo serikali ya mkoloni iliwafungia watu ndani, waya ukizunguka na mtaro ukizunguka waya. Miaka yote niliyofundisha jambo hili, shahidi alikuwa ananipikia githeri na sikumwuliza neno.

Aliendelea kuchambua. Halafu akasema walichimba mtaro. Wanawake. Kuanzia alfajiri mpaka jua lilipokuwa pale, akaonyesha kwa kidole. Akasema alichimba akiwa na mtoto mgongoni.

Nikamkatiza. Nikasema, "Hapana, Maitu, mimi sikuwa nimezaliwa. Mimi ni wa sitini na moja. Vijiji vilikuwa vimekwisha." Kwa sauti ile ile ya kusahihisha daftari.

Akaniangalia kidogo. "Haya. Wewe ndiye unajua."

Akarudi kwenye maharagwe, na hakuzungumza tena isipokuwa na mbuzi. Nimerudi Ngoingwa na nusu ukurasa. Pembeni nimeandika: kumbukumbu imechanganyika, isitumike.

Jumatatu, 23 Juni

Manyunyu ya jana yamemharibu malkia wa Misri, mita ya kumi na tano. Ni yule aliyetawala kama farao na kuvaa ndevu za bandia. Uso umetiririka hadi kifuani. Kioko amelazimika kumchora upya, na kwa kuwa anamchora mara ya pili akadai ajue habari zake zote.

Nikamweleza. Alitawala vizuri, miaka mingi. Waliokuja baadaye wakakwangua jina lake kwenye mawe yote, na hata kwenye orodha za wafalme hawakumtia. Akasahaulika kabisa. Wataalamu walipozisoma orodha hizo wakaona kwamba mambo hayalingani. Mawe yalikuwa na alama za mtu ambaye orodha haimjui. Wakafuata pengo, wakampata.

Kioko akachovya brashi. "Kwa hivyo walimpata kwa sababu hayuko."

Nikasema ndiyo, ni hivyo hasa. Nikamsifu. Nimefika nyumbani na maneno yake hayaniachi, na sijui kwa nini.

Jumanne, 24 Juni

Najua kwa nini.

Sikwenda Ruiru leo. Nimekaa jikoni tangu asubuhi. Nimepasha chai mara tatu na sijainywa.

Kwetu hatuchagui majina ya watoto. Yamepangwa. Msichana wa kwanza ni mama yake baba. Wa pili ni mama yake mama. Wa tatu ni dada yake baba. Kila mtu anajua, hata mtoto wa chekechea. Ukinitajia majina ya dada watatu wa nyumba yoyote hapa Thika nitakupangia nani alitangulia.

Mimi ni Nyokabi. Nyokabi ni mama yake mama. Dada yangu ni Waithera. Waithera ni dada yake baba. Cucu, nyanya mzaa baba, aliitwa Wangechi. Alikaa nasi mpaka nikawa darasa la tano. Nyumbani kwetu hakuna Wangechi.

Mimi ni kifungua mimba na nina jina la mtoto wa pili.

Tuliambiwa kwamba Maitu na cucu walikosana, ndiyo maana akamnyima jina. Niliamini. Miaka sitini na minne! Mkamwana gani wa zamani zile angethubutu? Kumnyima mama mkwe jina lake kwa mtoto wa kwanza, na huku anakaa bomani mwake? Kama mwanafunzi angeniletea maelezo kama hayo ningemrudishia karatasi.

Alichimba akiwa na mtoto mgongoni. Nikamwambia hapana.

Nimeaibika. Sina neno jingine. Nimefungua tena ukurasa wa Jumapili na kusoma nilichoandika pembeni. Isitumike.

Jumatano, 25 Juni

Nimempigia Waithera. Ana kibanda cha nguo sokoni Githurai 45 na siku zote ananisikiliza huku akiuzia watu. Leo nilimsikia akimwambia mteja angoje.

"Woi. Ulitoa wapi hiyo?"

"Kwa majina yetu."

Halafu akasema Maitu ana miaka tisini, anakohoa, si nimwache tu. Kama angetaka kusema angesema. Alikuwa na maisha yote ya kusema. Tukakwaruzana. Nikasema alisema, juzi, na mimi nikamnyamazisha. Akanikatia simu.

Sasa siwezi kuamua. Nikimwuliza, huenda nikafumua kitu ambacho kifua chake hakitakiweza. Nisipomwuliza na akaondoka, neno la mwisho lililosemwa duniani kuhusu mtoto yule litakuwa langu: hapana.

Ijumaa, 27 Juni

Kamati imekutana. Bwana Gitau amezungumza nusu saa. Mimi dakika mbili. Wamekubali kipimo changu. Zamani ningeshangilia.

Nimemwambia Kioko aendelee na kila kitu ila zile sentimita nane. Aziache nyeupe. Hakuuliza kitu, na huyo ni mtu wa kuuliza. Mwalimu mkuu anasema pengo hilo lizibwe kabla ya Alhamisi.

Jumapili, 29 Juni

Niandike kama alivyosema. Bila kupanga.

Nilimkuta pale pale uani. Nikaketi kwenye kigoda, nikachukua maharagwe, nikaanza kuchambua. Nilikuwa nimetunga maneno tangu Ngoingwa na yote yakapotea. Nikasema, "Maitu, Jumapili ile nilikukatiza. Nilikosea. Mtoto alikuwa nani?"

Mbuzi alikula kamba. Nilihesabu maharagwe mabovu kumi na moja.

"Ni nani amekuambia?"

"Jina langu."

Akaacha kuchambua. Nilimwogopa. Halafu akacheka kidogo puani, kicheko cha mtu aliyechoka, akasema nimechukua muda kweli, na nimesoma vitabu vyote vile.

Alikuwa Wangechi. Alizaliwa kabla ya kuhamishwa, nyumba ilipokuwa bado nyumba. Baba alikuwa amechukuliwa kizuizini, hakumwona hata siku moja. Wakachomewa paa, wakapelekwa kijijini. Watu hawa hawa wa kilima chetu, vibanda vimebanana. Ruhusa ya kutoka kutafuta chakula na kuni ilikuwa saa moja kwa siku, siku nyingine hakuna. Asubuhi ni mtaro. Alichimba na Wangechi mgongoni kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumwachia. Nyanya wa mtoto, cucu Wangechi mwenyewe, naye alikuwa mtaroni.

Mtoto alianza kutembea humo kijijini. Alikuwa na meno manne. Alipenda kushika sikio la mama yake akinyonya. Kisha maziwa yakakauka, maana mama hakuwa na chakula. Kisha kikohozi. Watoto wengi walikuwa na kikohozi kile.

Wanawake watatu walimzika katika ile saa moja ya kutafuta chakula. Haraka, nje ya waya, bila alama. Siku hiyo hawakurudi na chakula. Vijiji vilipovunjwa mashamba yakapimwa upya, jembe likapita. Sasa ni ploti, futi hamsini kwa mia, na nyumba za ghorofa. Akasema zina balkoni za bluu. Kumbe aliwahi kwenda kuangalia.

Nikamwuliza kwa nini hakunipa mimi jina la Wangechi. Watu wengi hulirudia mtoto akifa, ili nyanya asikose wajina. Akasema baba aliporudi alitaka hivyo. Cucu naye alitaka, alililia jina hilo mpaka siku yake ya mwisho. Yeye alikataa.

"Jina lilikuwa na mwenyewe. Ningekuita Wangechi, yeye angekuwa nani?"

Basi wakamsema mkaidi na kumpa sababu ya ugomvi, na yeye akaiacha sababu hiyo ikae. Alisema ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Nililia. Yeye hakulia. Alinipa ncha ya shuka nipanguse uso, akaniambia maharagwe yanalowa.

Jioni kabla sijaondoka akauliza ukuta wangu umefikia wapi. Nikamweleza kipimo na sentimita nane. Akataka nimwonyeshe kwa vidole. Nikamwonyesha. Akaangalia vidole vyangu, akaangalia uso wangu.

"Ile miaka yote?"

Nikakunja vidole.

Jumatatu, 30 Juni

Ninataka kuvunja kipimo.

Niseme wazi. Leo ningempa Bwana Gitau mita zake kumi na nyingine kumi juu. Ningewafuta Warumi wote na magwaride yao. Nilisimama mbele ya lile pengo jeupe nikaona jinsi nilivyojivuna na haki yangu ya sentimita moja mwaka mmoja. Haki gani hii? Farao amelala kifahari mita ya tano na meno manne ya mtoto hayana pa kukaa.

Nimemwambia Kioko kila kitu. Sijui kwa nini yeye, pengine kwa sababu ni yeye aliyelipata pengo. Alisikiliza akiosha brashi. Nikamwambia tupanue. Tufute simu na mtu wa mwezini, tupate nusu mita.

Akakataa! Fundi wangu mwenyewe.

"Madam, ukipanua hii, kesho Gitau atapanua yake. Na huo mtaro wa mathe wako, shida yake ilikuwa upana?"

Nikakumbuka. Mama alisema mtu akisimama ndani na kuinua mkono haonekani. Walipokuwa chini walipokea udongo kwa karai, mmoja akimpa mwingine juu.

Kioko akachukua tepu akapima kutoka juu ya ukuta hadi chini kwenye nyasi. Mita mbili na nusu. "Upana umepima wewe. Kwenda chini hakuna mtu amepima," akasema.

Picha nyingine zote zimekaa katikati ya ukuta, usawa wa macho ya mtoto. Mtaro huu utaanzia ukingo wa juu ushuke mpaka ardhini. Sentimita nane kamili. Kipimo hakijavunjwa.

Jumatano, 2 Julai

Jua limetoka, la kwanza wiki hii. Kioko amechota udongo mwekundu kando ya jikoni, akauchekecha kwa soksi, akauchanganya na rangi. Kazi ya siku nzima. Mstari mmoja mwekundu mzito, juu hadi chini, na vijiti vilivyochongwa ncha ndani yake, kama vile vya mtaroni. Ukitembea kutoka Sumeri, macho yanapita salama mpaka pale, halafu yanaanguka.

Chini kabisa, karibu na nyasi, nilimwomba aandike jina moja. Herufi ndogo nyeupe. Alilala kifudifudi juu ya gunia na kuandika kwa brashi ya manyoya matatu. Wangechi. Alisema ni kazi ndogo kuliko zote alizowahi kufanya.

Bwana Gitau alipita. Nilijiandaa kugombana. Aliangalia mtaro kwa muda mrefu, akavua kofia. Akasema nyanya yake alikuwa na kovu la kijiti kama vile mguuni. Nilimdharau bure huyu mtu, japo ploti zake siwezi kununua.

Ijumaa, 4 Julai

Siku ya wazazi. Kamau alimleta Mama kwa gari la jirani. Waithera alifunga kibanda akaja, hatujapatana vizuri lakini alikuja. Kitambaa kipya cha kichwa alichovaa Mama amekinunua yeye.

Mama alikataa kiti cha wageni. Alitaka kuanzia mwanzo. Mita hamsini kwa hatua zake na bakora, tulichukua karibu saa nzima. Hotuba zilikuwa zinaendelea na hatukusikia hata moja. Alisimama kwa yule karani kipara. Alisimama kwa malkia, akauliza mara mbili kama hizo ni ndevu. Penye Baghdad alikunywa maji bombani. Alipofika penye meli za watumwa akafyonza, akasonga mbele haraka.

Kwenye mtaro alisimama.

Akahamisha bakora mkono wa kushoto. Akaweka kiganja chake cha kulia ukutani, vidole pamoja. Kimesinyaa sasa, mifupa mitupu. Kilienea sawasawa, ukingo kwa ukingo. Miaka minane yote ilikuwa chini ya mkono wake.

Akauliza jina liko wapi. Nikamwonyesha chini. Hawezi kuinama. Waithera akapiga magoti kwenye nyasi na nguo yake nzuri, akaweka kidole, akalisoma kwa sauti. Wangechi. Mama akasema, "Ii." Ndiyo. Kama mtu anayeitikia akiitwa.

Alikaa hivyo, mkono ukutani, mpaka mwalimu mkuu alipokuja kumsalimia. Waithera alimshika Mama mkono akamgeuza kwa adabu. Mwalimu mkuu akasema amefurahi kumwona mama yake Madam, na kwamba Madam ni mzaliwa wa kwanza wa kujivunia.

"Huyu?" Mama akasema. "Huyu ni wangu wa pili."

Jumapili, 6 Julai

Theta. Hakuna ibada kwangu leo, goti limevimba. Kifua cha Mama si kizuri wala si kibaya. Dawa ameinywa mbele yangu, akanung'unika.

Waithera amepiga simu asubuhi. Anasema Maitu amemwita wa tatu na imembidi aketi. Tumepatana. Atakuja Jumapili ijayo na nyama.

Tumechambua maharagwe. Mama bado anamfikiria yule malkia wa ndevu. Ameniuliza alizaa, alizikwa wapi, na kwa nini walimfuta. Nilimjibu nilichojua. Akafikiri, kisha akasema anamjua, wamesomewa kanisani tangu zamani. Ndiye yule binti wa farao aliyemwokota Musa mtoni, na ndiyo maana wakamchukia.

Sikumsahihisha. Nikamwuliza ilikuwaje, akanisimulia yote, kikapu na matete na dada mtu akichungulia. Jua lilitufikia miguuni. Bakuli lilijaa, nikaenda kuleta lingine.